Kipanga Aliyetazama Mlango

Mzazi anayeogopa machozi ya mtoto leo, kesho hufuta ya kwake mwenyewe. Mama Glavu alifundishwa hayo utotoni, tena kwa bakora. Lakini kujua si kutenda.

Alikuwa mlezi katika kituo cha kutibu ndege wawindaji, na jina alilipata kwa glavu zake za ngozi zilizomfikia viwikoni. Siku moja aliletewa kinda la kipanga lililovunjika bawa.

"Kanuni unaijua, dada," daktari wa ndege alimkumbusha. "Uso wako ufunike kwa kitambaa, mdomo ufunge, nyama uipitishe tunduni. Akizoea watu, mwituni hana chake."

"Mdomo niufunge? Daktari, si bora unikate mguu!"

Kituo kizima kiliangua kicheko. Nyumbani, hata hivyo, Mama Glavu hakuwa na wa kucheka naye. Mwanawe wa pekee alikwenda ng'ambo kutafuta maisha, na simu zake zilikuwa adimu kama meno ya kuku. Kwa hiyo kinda lilipolia njaa, kilio kile kilimchoma kama mkuki. Alivumilia weee, mwisho akavua kitambaa usoni, akalilisha kwa mkono.

"Haya nyamaza, babangu. Mama yupo."

Likanyamaza. Tangu hapo, kila lilipolia alikwenda.

Bawa likaunga. Siku ya kuachiliwa, kipanga alipaa akazunguka juu ya bonde kama mwenye shamba. Moyo wa Mama Glavu ukapaa naye. Mara ndege akakunja mabawa, akashuka, akatua begani kwake, mdomo wazi, akidai nyama.

"Huyu hajui kuwa ni kipanga," daktari alisema taratibu. "Akitua hivi kwa mtu mwingine, atapigwa jiwe afe."

"Tumjaribu tena, daktari. Nakuomba."

Wakajaribu. Mama Glavu mwenyewe aligonga masufuria, akamfokea, akamrushia maji. Wapi! Kila mara alirudi.

Sasa kipanga anaishi kizimbani. Wenzake hupita angani wakiita. Haitiki, wala shingo hainui. Hutazama mlango tu, akingoja mlio wa kandambili za mlezi wake. Mama Glavu anaujua mtazamo ule. Ndivyo naye autazamavyo mlango wa nyumbani kwake kila jioni. Kile kitambaa cha kufunika uso, siku hizi humfutia machozi. Ama kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye.