Maharage ya Naetwe

"Usiyatupe maharage kwa kosa la moto." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, sasa mmenizunguka mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni. Lilianzia huku huku kwetu Upare, jikoni kwa mama mmoja aliyeitwa Naetwe.

Mwaka huo kuni zilikuwa adimu, na Naetwe alikuwa na mtoto mchanga, hawezi kupanda msituni. Akabuni njia yake. Alipasha maharage mekundu, yakianza tu kutoa mvuke anaepua chungu na kukifukia kwenye majivu ya moto mpaka kesho yake. Yakalainika, naye akaona yameiva. Wakala, yeye na mumewe Mbonea. Masikini, walitapika mpaka wakashika kuta.

Naetwe akaapa kwamba maharage hayaingii tena kwake. Kunde na mbaazi nazo akazipiga marufuku. Mimi simcheki, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tena tusimwonee: Mbonea, ambaye kila akila makande ya mahindi na maharage tumbo lilimjaa gesi, sasa alilala vizuri, na akamsifu mkewe kila alikokwenda.

Lakini nyama wangeitoa wapi? Nyama ni ya sikukuu. Wakabaki na ndizi na mchicha. Mwezi wa pili Naetwe akakonda, maziwa yakapungua, mtoto akawa ananyonya huku analia. Habari zikamfikia mama mkwe, Namkunda, akaja na kikapu cha maharage kichwani na mzigo wa kuni mgongoni.

Naetwe akasimama mlangoni, akamzuia.

"Mama, haya yalitaka kutuua."

"Najua, mwanangu. Uliyapikaje?"

Naetwe akaeleza yote, akilia. Namkunda hakumgombeza; alimweleza kwamba maharage mekundu yasipochemka sawasawa hubaki na sumu, hata yakilainika. Alisema aibu ni yake yeye, aliyejua mkwe ana kichanga na asilete hata ukuni mmoja. Kisha akayaloweka maharage. Kesho yake akamwaga maji yale, akatia mapya, akachochea moto mpaka chungu kikatokota kweli kweli, akayaacha hapo hadi yakapondeka. Akala wa kwanza, na Naetwe akamchunga kutwa nzima kuona kama atatapika. Hakutapika.

Mbonea akasema yeye hataki, tumbo lake limetulia.

"Tumbo lako tutaliheshimu, wewe kula kidogo," mama yake akamwambia. "Ila mkeo ananyonyesha, usimfungie chakula kwa sababu ya tumbo lako."

Naetwe akala. Akala na kesho, na keshokutwa. Hazikupita wiki mbili, siku moja mtoto akanyonya mpaka akashiba, akalala ziwa likiwa bado mdomoni. Naetwe alimtazama, machozi yakamdondoka, akamwambia mkwewe, "Mama, nilimnyima mwanangu kwa kosa la moto."

Basi wajukuu zangu, kitu kikikudhuru, chunguza kwanza kilipikwaje. Usiyatupe maharage kwa kosa la moto.