Boila Yenye Ufa na Kurasa Sita za Tusekile

Isome hii taratibu, kisha umtumie kijana yeyote unayemjua anayesomea uhandisi.

Katika kiwanda kimoja cha chai kule nyanda za juu alikuwapo mhandisi kijana, Tusekile. Kwa hesabu hakuwa na mpinzani. Lakini karibu kila ripoti aliyoandika, mkuu wake, Mzee Mwaisaka, aliirudisha na kumwambia aandike upya. Tusekile akaamini mzee hampendi.

Ijumaa moja boila ya mvuke wa kukaushia chai ilizimwa isafishwe, iwashwe tena Jumatatu. Tusekile alipoikagua, akaona ufa. Akaandika kurasa sita zilizojaa vipimo, akampa mzee kabla ya chakula cha mchana.

Saa nane mzee alirudi nazo mkononi.

"Mwanangu, umesema wapi kwamba watu wanaweza kufa?"

"Ukurasa wa tano, mzee."

"Meneja atakayeisoma si mhandisi. Atafika huko?"

Tusekile aliketi, machozi yakimlengalenga, akaandika mistari mitatu. Boila ina ufa. Ikiwashwa inaweza kupasuka na kuua walio karibu. Isiwashwe mpaka itengenezwe. Vipimo akaviambatisha nyuma.

Meneja aliisoma akiwa bado amesimama, akaamuru boila isiguswe. Mafundi walipoifungua, walikuta ufa umekula karibu unene wote wa chuma. Wafanyakazi kumi na wanane walikuwa wakifanya kazi kutwa wakitenganishwa na boila hiyo kwa ukuta mmoja tu.

Tusekile alimfuata mzee, akamwomba radhi kwa kumdhania vibaya. Akamuuliza alijuaje kwamba ripoti zake hazieleweki.

Mzee akacheka. "Mimi nilizielewa zote. Asiyeelewa ni mke wangu."

Akamchukua hadi nyumbani kwake. Mama Lugano, fundi cherehani aliyeishia darasa la saba, alisimamisha mashine yake, akamkumbatia kama bintiye. Kumbe kila mchana mumewe alimsomea ripoti za Tusekile huku yeye akishona. Mama akikwama, ripoti inarudishwa.

"Ile mistari mitatu alinisomea pia, jioni," mama alisema. "Siku ile nilishindwa kula, mwanangu."

Tangu hapo Tusekile hakusubiri kurudishiwa ripoti. Alizipeleka mwenyewe kwa Mama Lugano, wakazisoma pamoja.

Funzo: Ujuzi wako utawafaa watu pale tu wasiosoma ulichosoma wewe watakapouelewa. Ukiandika, waandikie wao.