Masharubu ya Karoti

"Elfu nane zangu, mwalimu! Zote! Sitaki maelezo!"

Ndivyo alivyoingia mwenye bucha mmoja katika darasa la chekechea, aproni ingali na damu ya mbuzi. Watoto walikuwa mkekani, kila mmoja na kisu cha plastiki, wanakata matango.

Elfu nane ilikuwa pesa ya vitafunwa ya muhula mzima. Daktari alikuwa amemwambia baba huyo waziwazi: binti yako anakula nyama na ugali tu, ndiyo maana tumbo linamfunga mpaka analia chooni. Asipozoea mboga, mtarudi hapa kila wiki. Naye mwenye bucha, mwanamume ambaye tangu aoe hajagusa jani, akaona njia ya mkato: nitamlipa mwalimu, mwalimu atamzoesha. Njia hiyo ngeni kwetu?

"Wiki mbili za kwanza alikuwa anakula," akafoka. "Sasa hata kuonja haonji! Mnafundisha nini hapa?"

"Hata mimi nashangaa, baba. Huyu ndiye alikuwa wa kwanza kunawa mikono. Kukuna karoti alikuwa hampi mtu zamu. Tangu Jumatatu hataki hata kuigusa. Hebu tumuulize mwenyewe."

Binti akaitwa. Miaka mitano, pengo mbele.

"Mwanangu, mbona siku hizi huli mboga?" mwalimu akamuuliza.

Mtoto akamtazama mwalimu kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyetapeliwa sokoni na hajajua.

"Mwalimu, hicho ni chakula cha kuku."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona. Ijumaa ulisema tutengeneze vitafunwa viwili, kimoja tule, kimoja tumpelekee mtu wa nyumbani. Nikampelekea baba chapati yenye sura yake. Macho ya tango, mdomo wa hoho, masharubu ya karoti. Baba akasema, asante mwanangu, weka hapo. Nikarudi kuchukua ndala, nikaona anawapa kuku." Akafikiri kidogo. "Masharubu waliyagombania."

Mwenye bucha akajikuta anapapasa mdomo wake wa juu. Angesema nini, ndugu zangu? Kwamba kuku ndio wenye makosa?

Mwalimu akafungua mtoto wa meza, akahesabu noti, akaziweka mbele yake. "Pesa yako hii hapa, baba. Sina ugomvi nawe. Ila deni la mtoto si langu, mimi siwezi kulilipa."

Yule baba hakuzigusa. Akapiga magoti pale mkekani na aproni yake.

"Mama'ngu, nitengenezee nyingine."

Binti akamkagua. "Ya kwako au ya kuku?"

"Ya kwangu."

Ikatengenezwa. Taratibu, maana masharubu yanataka kazi. Baba akaanza na hayohayo masharubu, macho kayafumba kama anayemeza kwinini. Akatafuna. Akameza. Na binti, bila kuambiwa na mtu, akachukua kipande cha tango, akakaa ubavuni mwake, wakatafuna wote wawili.

Mmecheka. Haya, sasa acheni kucheka, maana waliochekwa ni sisi.

Tunawaleta watoto shule ya Jumapili, tunatoa sadaka, kisha tunakuja kumkaripia mwalimu kwamba mtoto hajui kusali. Kakuona wewe ukisali wapi? Anarudi nyumbani na wimbo, anataka akuimbie, unamwambia weka hapo kwanza, taarifa ya habari inaanza. Mtoto si mjinga. Akiona kitu unachomsifia wewe unawatupia kuku, naye anakitupa. Na wewe mzee unayetazama saa, ndiyo, nasema na wewe. Mimi sikusomea kuzungusha maneno.

Leo mchana mwanao atakuja na kitu mkononi. Hakudai pesa. Anakudai tonge moja, ulile akikuona.

Lipa.