Kichwa cha Kolekole

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ya lini, maana aliyeniuliza juzi tulibishania miaka mpaka watu wakaenda kulala na hadithi haijaanza. Hapo zamani, basi, palikuwa na kijiji kikiitwa Msukani, kando ya hori lenye mikoko, na watu wake walikuwa na kiburi cha jambo moja tu. Mwanamume wa Msukani hanunui chambo. Mchele atanunua, chumvi atanunua, kofia ya Idi atanunua, lakini chambo atakikamata mwenyewe kwa kimia chake, kikiwa hai, kinarukaruka ndani ya ndoo.

Kimia mnakijua? Wewe unayetikisa kichwa hukijui, kwa hiyo nyamaza usikie. Kimia ni wavu wa duara, na ukingoni umefungwa risasi ili uzame. Mtupaji huukunja, sehemu akaitundika begani, sehemu akaishika mkononi, na ukingo mmoja akauuma kwa meno. Ndiyo, kwa meno. Kisha huzungusha kiuno, akarusha, na meno akayaachia papo hapo. Akiachia kwa wakati wake, wavu hufunguka hewani ukawafunika samaki kama kawa juu ya sinia. Akichelewa kuachia, basi tena. Wazee wengi wa Msukani walikuwa na mapengo ya mbele, na hawakuwa wamepigana na mtu.

Sasa palikuwa na kijana wa mjini, jina lake Mrisho, kazi yake kinyozi. Alikuwa akija Msukani kila Ijumaa kunyoa watu. Ijumaa moja akamwona Mwanatumu, binti wa Mzee Mwinyikombo, akipita na kapu kichwani, na mzee wa watu aliyekuja kupunguza nywele akarudi nyumbani hana sharubu. Mrisho alipenda, wenzangu. Alipenda mpaka chakula hakipiti.

Akapeleka posa. Mzee Mwinyikombo akamkaribisha kitako, akamwambia, "Mwanangu, posa yako nimeipokea. Adabu unayo, na nasaba yako nimeiuliza, haina neno. Lakini binti yangu hali samaki aliyevuliwa kwa chambo cha kununua. Jifunze kimia. Kamata chambo mwenyewe, uvue samaki wa kujaza sinia. Kichwa cha samaki huyo utamwekea aliyekufundisha, mbele ya watu, kabla ndoa haijafungwa. Huyo ndiye atakayekaa upande wako kama mzazi."

"Na nikimwekea asiyekuwa yeye, mzee?"

"Mtu asiyemjua aliyemfundisha, kesho hatamjua aliyemzalia. Utachukua wembe wako urudi mjini, na tutaagana kwa wema."

Mrisho akatoka pale. Kimia hata kukishika alikuwa hajawahi.

Akaenda kwa Bi Pili Shaame. Bi Pili alikuwa fundi wa kushona nyavu, na vimia vyote vya Msukani vilishonwa juu ya mapaja yake. Ila majini hajatupa hata siku moja, kwa sababu Msukani mwanamke hatupi kimia. Akamtazama Mrisho juu mpaka chini, akasema, "Mjukuu wangu, mikono laini hii. Haya, simama uani."

Uani palikuwa na kuku. Bi Pili akamtwika kimia, akamfunga kamba mkononi, akamwonyesha. Hivi unakunja. Hivi unatundika. Bega hili lishushe. Mkono huu uutume kama unatandika shuka kwenye kitanda cha mgeni, shuka lifike pembe zote. Mrisho akatupa, akamnasa jogoo. Akatupa, akanasa mtungi. Akatupa, akamnasa muadhini aliyekuja kuuliza kwa nini kuku wanapiga kelele wakati wa adhana.

"Na meno, bibi?" Mrisho akauliza. "Wengine nawaona wanauma."

"Mimi nina jino moja, na nalitunzia Ramadhani," akasema Bi Pili. "Hiyo ya meno utaiona mbele ya safari."

Hakumwacha. Kila alasiri, jua kali, bibi amekaa kwenye kibao na mkwaju wa kuelekezea, "Bega. Bega. Mjukuu wangu, bega." Mpaka mikono ya Mrisho ikajua kazi hata akili yake ikiwa kwa Mwanatumu, na mara nyingi ilikuwa huko.

Akashuka horini. Akakunja, akatundika, akauma, akarusha. Mikono ikafanya yake vizuri, lakini meno yakagoma kuachia. Kimia kikaenda kimejisokota kama nguo ya kukamuliwa, kikamvuta kwa mdomo, Mrisho akaingia majini kichwa mbele. Akatoka, akajishika meno, akashukuru yapo yote.

Kicheko kikasikika. Pale mikokoni, ndani ya mtumbwi wake, alikuwa ameketi Nahodha Vuai. Vuai ndiye mtupaji hodari kuliko wote Msukani, na ndiye mjomba wa kijana mwingine aliyemtaka Mwanatumu akakataliwa. Nia yake haikuwa siri. Alitaka kinyozi ashindwe, arudi kwao, mpwa wake apeleke posa tena. Kwa hiyo kila Mrisho alipokuja horini, Vuai alikuwepo, na kazi yake ilikuwa kumtukana.

"Kinyozi, samaki hawana ndevu. Unawatafutia nini?"

Mrisho akakunja upya.

"Tazama anavyorusha. Kama mke anamwaga maji ya kuoshea vyombo, kiuno kimekauka."

Mrisho akarudi kwake akilirudia neno lile njia nzima. Kiuno kimekauka. Kesho yake akakizungusha kiuno, kimia kikaenda mbali zaidi.

"Miguu ameikusanya kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga vumbi."

Kesho yake akaipanua miguu, na hakuanguka tena.

"Meno amekaza kama fisi na mfupa. Achia, baradhuli."

Hilo ndilo lililomshinda. Kila akirusha, hofu ilimbana taya. Akilini anasema achia, mdomoni hakuna kinachoachia. Vuai alicheka mpaka mtumbwi ukaingia maji. Nyie mnacheka na Vuai? Haya, chekeni, lakini Mrisho alikuwa akirudi nyumbani analia.

Na hata siku kimia kilipofunguka kidogo, hakikukamata kitu. Vikizi, mkizi wadogo wa chambo, vilikuwapo, makundi kwa makundi, lakini alipovitupia vilikuwa vimeshaondoka.

Sasa Mwanatumu. Binti aliyeposwa Msukani hasemi na mchumba wake mpaka ndoa ifungwe. Hamsalimu, hamjibu, akimwona anajifunika. Mwanatumu alikuwa na adabu zake, hakuna wa kumsema. Lakini maji yakipwa alishuka na wanawake wenzake kuokota kombe, wale wa magamba wa mchangani, na yakianza kujaa wenzake wakiondoka, yeye huchelewachelewa. Siku moja akainama, kampa Mrisho mgongo, akaokota kombe mmoja akamwambia, kwa sauti ya kusikika, "Wewe kombe, mbona kuna watu wanamtupia mkizi pale alipo? Mkizi hakai. Hutupiwa pale anapokwenda."

Mrisho akageuka. Mwanatumu ameshamtia kombe kapuni.

Siku nyingine akasema, "Wewe kombe, mtu kivuli chake kikimtangulia majini, samaki watabaki kufanya nini? Mwenye akili hulitazama jua, kivuli kikabaki nyuma."

Na siku nyingine, "Wewe kombe, chambo hakishikwi na mkono mkavu, magamba yanatoka, kinakufa. Na maji ya ndoo hubadilishwa, hayaachwi yakapata moto."

Mrisho hakujibu hata neno. Angejibu nini? Aliyesemeshwa ni kombe. Lakini akageukia jua, akalowesha mikono, akaacha kuwatazama samaki akaanza kutazama njia yao.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani wa baba yake, Mwanatumu akaokota kombe akaliweka kiganjani. Kisha akasema polepole, "Wewe kombe, kichwa kikienda kwa mtu mwingine, mimi sitanuna. Nitapika, nitapakua, nitaishi na mume wangu vizuri. Ila nitakumbuka." Akaondoka. Mrisho akaona afadhali angenuna.

Siku ikafika. Mzee Mwinyikombo akaketi ukingoni na watu wazima. Bi Pili akabebwa kwa kiti mpaka mchangani. Wanawake wakasimama mbali, Mwanatumu katikati yao. Vuai akajisogeza na mtumbwi wake karibu kabisa, uso umetulia mno.

Mrisho akaingia maji ya magoti. Uso kwenye jua, kivuli nyuma. Miguu kapanua. Akakunja, akatundika, akauma. Vikizi vikaja, vikageuka kuelekea mkondo, naye akalenga mbele yavyo. Bega likashuka. Kiuno kikazunguka. Mikono ikatandika shuka la mgeni. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa taya, na taya lilikuwa limekaza kama kufuli.

Vuai naye alikuwa ameshamsoma kijana. Alijua huyu kinyozi ana adabu za kupitiliza, kwamba ukimsalimu ameshika wembe kooni mwa mtu, atasimamisha wembe akujibu. Akapanga kumsalimu katikati ya mrusho, ageuze shingo, kimia kimfunge miguu aanguke mbele ya mkwewe. Mkono ulipoanza kuruka tu, Vuai akapaza sauti, "Salaam aleikum, kinyozi!"

"Waaleikumu salaam," akasema Mrisho.

Mdomo ukafunguka. Risasi zikaondoka menoni kwa wakati wake hasa, si mapema wala si kuchelewa. Kimia kikafunguka hewani duara kamili, kikashuka, na maji yakachemka vikizi. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ndege wa mikokoni wakahama. Vuai akabaki mdomo wazi, na pengo lake likaonekana hadi ng'ambo.

Mrisho akalowesha mikono, akavitia vikizi ndooni vikiwa hai, akapanda mtumbwi, akabadilisha maji njia nzima mpaka nje ya hori. Akatunga kikizi kinachotingishika kwenye ndoana, akateremsha. Haukupita muda kamba ikakimbia, wakavutana, na akatoka majini kolekole mnene ambaye mkia wake ulitoka nje ya sinia. Alipikwa kwa nazi. Shehe akaitwa. Watu wakaketi ukumbini, wanaume huku, wanawake nyuma ya pazia. Mrisho akasimama na kichwa cha kolekole kwenye sahani, mvuke unapanda.

"Haya, mwanangu," akasema Mzee Mwinyikombo. "Mwekee aliyekufundisha."

Bi Pili akasema, "Kabla hamjaanza kubabaika, nani alimkuta huyu hajui kunyoosha mkono? Wengine mlimkuta anatupa, mimi nilimkuta anashangaa. Nimeua kuku wawili kwa ajili yake, wamekufa kwa mshtuko. Bila mikono hakuna kimia, na mikono ile niliifundisha mimi, kwa kupenda, wala sikumtaka kitu."

"Mikono," akasema Vuai. Ajabu, na yeye alikuja. Amevaa kanzu, amekaa mbele. "Mikono bila meno ni kutupa tambi. Bibi alimfundisha kunasa kuku. Miguu nani alimpanulia? Kiuno nani alimzungushia? Na leo kimia kilifunguka kwa neno la nani? Semeni hapa mbele ya shehe. Nisingemsalimu angekuwa anatafuta meno yake mchangani."

"Ulitaka aanguke," akasema Bi Pili.

"Nilitaka. Ameanguka?"

Mtu mmoja akasema, hasira za mkizi, tijara ya mvuvi, na hasira hazilipwi kichwa cha samaki. Mwingine akasema mwalimu ni yule aliyekufanya ujue, nia yake ataulizwa na Mungu. Wakaanza kubishana, sauti zikapanda.

Nyuma ya pazia, kimya. Mrisho alijua kimya kile ni cha nani. Mikono ya bibi na kelele za Vuai zingemletea kimia kizuri cha kukamatia maji matupu. Aliyempa samaki yuko nyuma ya pazia. Lakini akimpelekea yeye kichwa, Mzee Mwinyikombo atauliza, binti yangu alikufundisha lini, na wapi, na nani alikuwapo? Aseme hakusema naye, alisema na kombe? Basi atakuwa hakufundishwa, alidukua, alisikiliza yasiyo yake, na adukuaye hana mwalimu. Aseme alisema naye? Atakuwa amemvunjia heshima mbele ya baba yake, siku ya ndoa yake. Na akinyamaza, Mwanatumu atapika, atapakua, ataishi naye vizuri, na atakumbuka.

"Mwanangu," akasema Mzee Mwinyikombo, "samaki anapoa."

Bi Pili amenyoosha mkono, anaamini ni chake. Vuai amekunja mikono ya kanzu tayari kula. Pazia halitikisiki. Mrisho hawezi kukipasua kichwa, kwa sababu Msukani kichwa cha samaki wa kwanza hakipasuliwi, hakiliwi na wawili. Mke anamtaka. Haki anaitaka. Na hakuna anayemsaidia.

Mimi nimesema ya kwangu, koo limekauka. Wewe uliyekuwa ukicheka na Vuai, anza. Na wewe uliyekuwa ukimhurumia bibi, usiniangalie mimi. Na nyie wanawake mliokaa kimya tangu hadithi ianze, hata nyie nataka kuwasikia. Kijana wa watu kasimama, sahani inamuunguza vidole, na shehe anataka kwenda zake.

Je, nani alimfundisha Mrisho kutupa kimia?