Unywele Usiopeperuka

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Wapo wanaoitumia methali hii kama rungu la kumpigia kila jirani aliyezushiwa jambo. Hao wameielewa nusu. Neno likivuma, mwenye busara halimezi wala halitemi. Hulichunguza, na asipoliona leo, kesho hulichunguza tena. Kinyozi wa kisa hiki aliijua methali hiyo kwa ulimi tu. Kuijua kwa moyo kulimngoja juu ya kilima cha machimbo, mbele ya macho ya watu.

Kutwa nzima kibandani mwake, mkasi mkononi na brashi ya kupangusia shingo mfukoni, Kinyozi alisikiliza habari za watu: nani kaachwa, nani kafukuzwa kazi, nani kaonekana wapi na nani. Nyingi zilikuwa uongo mtupu. Ndiyo maana alizoea kuwaambia wateja wake, "Neno la mtu ni kama unywele. Unaufagia, unautupa, mambo yamekwisha."

Mkewe alikuwa wa aina nyingine kabisa. Yeye alikuwa fundi wa lifti, na majirani walimtania kwamba ndiye mtu pekee mjini anayepanda ngazi kwa hiari yake. Lifti ikilia popote, aliitwa yeye, naye hakuondoka mpaka ajue kinacholia. "Kila mlio una mwenyewe," alikuwa akisema. Mungu aliwajalia watoto pacha na ubishi usiokwisha, na walipendana hivyo hivyo.

Siku waliyokwenda kununua baiskeli ya milimani, ubishi ulianzia mlangoni mwa duka. Kinyozi alikuwa mshukaji milima kwa baiskeli tangu ujana wake, na baiskeli yake ya zamani ilikuwa imechoka hata haifai kubebea maji. Safari hii alitaka yenye shokapu mbele na nyuma, apate kushindana na wenziwe kilimani. Zilisimama mbili mbele yake. Ya kijivu ilikuwa nzito, nene ya viungo, sura ya kawaida; waliokuwa nayo hawakuilalamikia ila uzito. Ya buluu ilikuwa nyepesi, ukiiinua kwa mkono mmoja unacheka mwenyewe. Lakini ya buluu ilikuwa na maneno.

Ilisemekana kwamba mkono wake wa nyuma, yaani kile kipande kinachoshika gurudumu na kupanda na kushuka pamoja na shokapu, hupata ufa karibu na kiungo. Ilisemekana pia kwamba ufa huo haupigi hodi. Mkono hukatika mtu akiwa katikati ya mteremko.

"Shemeji, hayo ni maneno ya watu," alisema muuzaji, kijana mtanashati ambaye naye alikuwa mshindani hodari. "Mimi mwenyewe naipanda hii hii ya buluu. Umewahi kuniona na plasta?"

"Sijakuona," mke wa Kinyozi alijibu. "Mkono wa akiba unao stoo?"

"Wa kijivu upo. Wa buluu wa nini, na hauvunjiki?"

"Na ukivunjika?"

"Tutaagiza, utakuja."

"Utakuja lini?"

"Utakuja tu, shemeji yangu."

Mwanamke akamgeukia mumewe na kushusha sauti. "Baba Pacha, isiyosemwa ina spea, inayosemwa haina. Hiyo mikono yako ndiyo sufuria yetu. Ukivunjika kifundo, mkasi atashika nani?"

"Mama Pacha, mdomo huumba," Kinyozi alisema kwa hasira ya chini kwa chini. "Usiniumbie mabaya."

Mkewe hakubishana zaidi. Alifungua mfuko wake wa kazi akatoa kichupa cha mafuta ya taa, kitambaa na kipande cha chaki. Aliupaka mafuta mkono wa ile baiskeli ya buluu, akasubiri, akaufuta mpaka ukakauka, kisha akausugulia chaki hadi ukawa mweupe.

"Chuma chenye ufa hunywa mafuta," alieleza. "Ukifuta juu, ufa unabaki umelewa. Ukiupaka chaki, unatapika. Mtaona mstari mweusi."

Wote watatu waliinama. Muuzaji aliacha kutabasamu. Walitazama hadi macho yakawauma. Cheupe kilibaki cheupe.

"Haya, lisemwalo liko wapi?" Kinyozi aliuliza huku akipiga kofi.

"Kama halipo, laja," mkewe alijibu, akarudisha chaki mfukoni. Kisha akatoa sharti moja: baiskeli ipimwe namna hiyo kila kabla ya kwenda mlimani. Kinyozi alikubali papo hapo, kama anavyokubali kila kitu mtu aliyekwisha kupata anachokitaka.

Mwanzoni sharti lilifuatwa. Kila mara mkono ulipakwa, ukafutwa, ukatiwa chaki, na kila mara ulikuwa mweupe. Lakini wateja walipopata habari, kibanda kilijaa vicheko. "Kinyozi, nasikia baiskeli yako inapakwa poda. Inaolewa lini?" Kinyozi alicheka nao kwa mdomo. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe basi, imetosha. Huko kulitafutatafuta jambo ni kuliita. Mkewe alinyamaza. Alinyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba, na amani ya namna hiyo humla mtu ndani kwa ndani. Tangu siku hiyo, kila mumewe alipoitoa baiskeli ukumbini, yeye alisimama jikoni na kutega sikio.

Siku moja alisikia. "Kri."

"Umesikia hiyo?" aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo kri."

"Mlango huo, Mama Pacha."

Haukuwa mlango, na Kinyozi alijua. Alipobaki peke yake alikitia kiungo grisi, mlio ukakoma, akafurahi. Mkewe hakufurahi hata kidogo. Alijua kwamba mlio ukinyamazishwa kabla ya kujulikana mwenyewe, mwenyewe bado yupo ndani.

Ikawadia siku ya mashindano. Asubuhi Kinyozi aliisafisha baiskeli kwa mafuta ya taa, akatoa grisi yote iliyoganda, akaikausha kwa taulo ya kazini hadi ikameremeta. Mkewe alikuwa amekwisha kuvaa ovaroli, kwa maana lifti ya jengo moja ilikuwa imekwama na watu ndani.

"Nitakukuta chini, penye utepe wa kumalizia," alisema. Alifika mlangoni, akarudi. "Iangalie kabla hujashuka. Basi, iangalie tu."

"Nimekusikia," alijibu Kinyozi, naye alikuwa hajasikia kitu.

Kilima kile kilikuwa kimechimbwa mawe ya chokaa kwa miaka mingi, na vumbi lake lilikuwa jeupe kama unga. Washindani walipanda kwa kusukuma baiskeli zao, na walipofika juu kila mmoja alikuwa na nyusi za mzee. Chini yao njia iliporomoka katikati ya mawe, ikapinda, ikapinda tena, kisha ikaishia kwenye ukingo wa shimo la zamani. Hapo mtu hana budi kuruka na baiskeli yake hadi ng'ambo. Walishuka mmoja mmoja. Kila aliyeondoka aliacha wingu la vumbi, na watu walikaa kimya mpaka waone ametokeza ng'ambo ya shimo.

Kinyozi alikuwa karibu kuitwa, na nyuma yake alisimama muuzaji na baiskeli yake ya buluu. Aliinama kutazama breki. Ndipo alipouona unywele, mweusi, mfupi, umejilaza juu ya vumbi jeupe la mkono wa nyuma, karibu na kiungo. Alitabasamu, nywele zilimfuata hata milimani. Alichomoa brashi mfukoni akaupangusa kama anavyopangusa shingo ya mteja. Vumbi liliondoka, na unywele ukaondoka nalo.

Mshindani wa mbele yake akatimka. Vumbi likainuka, likatua. Kinyozi alitupa jicho chini bila kukusudia, na unywele ulikuwa pale pale, umejilaza vile vile. Akapuliza. Haukupeperuka. Akapangusa tena kwa nguvu, akasimama akitazama vumbi likitua taratibu juu ya chuma, na mbele ya macho yake mstari mweusi ukachomoza upya. Nywele alizozifagia maishani hazikuwa na idadi, na hakuna hata mmoja uliowahi kurudi.

Mafuta ya taa aliyapaka mwenyewe asubuhi. Alifuta mwenyewe. Chaki aliipata kilimani, katika vumbi la chokaa, bila kuiomba.

"Anayefuata!" kipaza sauti kiliita. "Kinyozi, sogea!"

Aliogopa, tena aliogopa mambo mawili: lile shimo, na vile vicheko. Na kusema kweli vicheko ndivyo vilivyomtisha zaidi. Kisha akaitazama mikono yake iliyoshika usukani, akakumbuka sauti ya mkewe pale mlangoni. Akavuta baiskeli kando.

"Sishuki," alisema.

"Leo Kinyozi kanyolewa bila maji!" mmoja alipaza sauti, na kilima kizima kikaangua kicheko.

Muuzaji alisogea kwenye mstari, akainua mguu kupanda. Mkono wa baiskeli yake ulikuwa umeganda grisi na vumbi, hauonekani kitu. Kinyozi angeweza kunyamaza. Aliyekwisha kuaibika hana deni la maneno. Lakini miguu ilimpeleka mbele, akashika usukani wa mwenzake.

"Usishuke, ndugu yangu. Mkono una ufa."

"Wangu au wako?"

"Wangu. Wako sijui."

"Aa, Kinyozi!" muuzaji alicheka. "Maneno ya kibandani hayo. Si wewe unayesema tuyafagie, tuyatupe?"

Neno lake mwenyewe lilimrudia, nalo lilimchoma.

"Ondoka njiani!" kipaza sauti kilifoka.

"Ngojeni kidogo," alisema Kinyozi. "Ngojeni muone."

Kando ya mstari palikuwa na jiwe pana lenye kimo cha kigoda. Aliipandisha baiskeli juu yake, akaikalia, akashuka nayo kwa kishindo. Gurudumu la nyuma liligonga chini, shokapu ikaenda na kurudi. Hakuna kilichotokea. Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Haya, liko wapi?" muuzaji aliuliza.

"Laja," Kinyozi alijibu, na jibu lilimtoka kabla hajajua ni la nani.

Alipanda tena juu ya lile jiwe. Safari hii alisimama juu ya pedali, akajiachia kwa uzito wake wote. Kwa! Mlio mmoja mkavu, kama ukuni unaovunjwa kwa goti. Gurudumu likaenda upande wake, baiskeli upande wake, na Kinyozi akajikuta ameketi vumbini, miguu mbele.

Hakuna aliyecheka. Aliokota kile kipande akakigeuza juani. Mkono ulikuwa umekatika pale pale penye unywele. Nusu ya mkato ilikuwa mpya na yenye kung'aa. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi, imekaa na mafuta siku nyingi, na katika siku hizo zote yeye alikuwa akiruka nayo na kucheka.

Muuzaji aliutazama mkato ule. Akautazama mteremko, akautazama ukingo wa shimo. Akashuka kwenye baiskeli yake polepole, akachutama, akaanza kusugua grisi kwa mkono wa shati lake.

"Kinyozi," alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya dukani, "hebu niazime hiyo brashi."

Huko chini, penye utepe, mkewe alikuwa amefika akihema, ovaroli imejaa masizi. Alisikia kipaza sauti kikimwita mumewe. Hakushuka mtu. Kikamwita muuzaji. Hakushuka mtu. Kisha akasikia mlio mkavu kutoka juu, na kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kujua mwenyewe ni nani. Alianza kupanda kwa mbio, anateleza, anashika mawe, midomo ikiomba.

Walikutana kwenye kona. Kinyozi alikuwa akija kwa miguu, gurudumu bega hili, mabaki ya baiskeli bega lile, mweupe kwa vumbi kutoka kichwani hadi viatuni. Mwanamke hakuitazama baiskeli. Aliishika mikono ya mumewe, akaigeuza huku na huku, akakibonyeza kila kifundo. Ilikuwa mizima. Ndipo machozi yalipomtoka. Neno "nilikuambia" alilikuwa nalo ulimini, akalimeza.

"Mama Pacha," Kinyozi alisema, "lile lililokuwa njiani limefika."

"Limekukuta wapi?"

"Limenikuta juu, sijaanza kushuka. Ni wewe uliyesema niiangalie." Alitua mzigo chini, akajipangusa uso. "Kesho tukaitazame ile ya kijivu. Ubebe chaki yako."

"Na wakikucheka kibandani?"

"Wacheke. Nitawaonyesha hiki kipande."

Nacho kipande hicho mpaka leo kinaning'inia kando ya kioo chake. Mteja akianza kusema, "Nasikia watu wanasema...", Kinyozi husimamisha mkasi na kusikiliza mpaka mwisho, kwa maana lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.