Maganda ya Kiboko, Siki ya Nguchiro

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa mkubwa."

"Ukubwa wa nini?"

"Wa tumbo! Haya, tegeni masikio."

Kiboko alikuwa na shamba la mananasi kando ya mto. Bwana mwenye huruma huyo, hana mfano! Wanyama walilima, wanyama walivuna, wanyama walikamua. Juisi akanywa yeye: gubu, gubu, gubu. Maganda akawapa wao, ndiyo ujira.

"Mnaona ninavyowapenda?" akawaambia. "Mwingine angeyatupa."

Mama Nguchiro, mjane mwenye wana wembamba kama njiti, akabeba maganda yake nyumbani. Akayatia mtungini, akamimina maji, akafunika kwa kitambaa, akangoja. Mtungi ukaanza kusema: bwu, bwu, bwu. Ukanukia pombe. Akangoja tena. Ukawa mkali wa kukunja uso: siki!

Korongo akaja na samaki walioanza kulegea. Wakalowekwa kwenye siki, hawakuoza. Tangu hapo Korongo akawa analeta samaki, anaondoka na siki. Wana wa Nguchiro wakaota mashavu.

Basi, maskini akishiba, tajiri huumwa tumbo. Kiboko huyoo, du! du! du!

"Nguchiro! Umeniibia nini?"

"Sijaiba, bwana. Ni maganda uliyonipa."

"Nilikupa maganda. Siki nilikupa?"

"Hapana, bwana."

"Basi siki ni yangu. Na kuanzia leo maganda yote ni yangu. Nyinyi mtakunywa hiyo juisi."

Nguchiro akawatazama wanawe. Kiboko alikuwa ameshaanza kuibeba mitungi yake yote. Akalia kwa sauti.

"Juisi tupu, bwana? Si tutakufa!"

"Kufeni polepole, kazi isisimame. Haya, siki hutengenezwaje?"

Nguchiro akafuta machozi, akafikiri kidogo.

"Unaloweka tu, bwana. Sisi makabwela tunafunika kwa kitambaa, mtungi upumue. Lakini sisi tuna nini cha kuibiwa?"

Kiboko akacheka hadi mto ukatikisika. "Kitambaa! Ndiyo maana hamwendelei. Mali hufungwa!"

"Umenena, bwana," akajibu Nguchiro, akainamisha kichwa asionekane meno.

Kiboko akatafuta mtungi mkubwa kuliko yote. Akashindilia maganda, akamimina maji, akabana kifuniko, akakandika udongo pande zote. Roho haikutulia. Akaukalia.

Siku zikapita, Kiboko hasogei.

Mtungi ukasema: bwu.

"Nyamaza!" Akajikaza.

Bwu, bwu.

"Nimesema nyamaza, mimi ndiye mwenye mali!"

Bwu-bwu-bwu-bwu… PAAA!

Kiboko akapaa kama kunguru, akatua kwenye michongoma ng'ambo ya mto, makalio kwanza. Yakawaka moto! Akajitosa majini, na mpaka leo anashinda humo kutwa, macho tu nje, anapoza makalio.

Wanyama walihuzunika sana. Kwa huzuni hiyo wakanywa juisi yote, wakaloweka maganda yote, wakala samaki wa Korongo. Mama Nguchiro alihuzunika kupita wote, alirudia sahani.

Mafunzo, wanangu: watiini wakubwa, maana wanajua kila kitu. Wakisema mali ni yao, waachieni waikalie. Na wewe ukija kuwa mkubwa, mdogo akikueleza jambo, usimsikilize hata kidogo. Utajishushia hadhi.

Ngano yangu imeishia hapa. Ikiwa nzuri, gawaneni. Ikiwa mbaya, ni ya jirani.