Kaoneka Aliyeusawazisha Mlima

Enyi watu wa Kwemvuma, mlioketi na mlioegemea majembe yenu, sikilizeni habari za mtu aliyewapa jina. Zamani hizo nguzo za umeme zilikuwa hazijapanda milima ya Usambara, na redio ya kijiji ilikuwa moja tu, ikikaa kwa jumbe na kuheshimiwa kama mkwe. Ndipo alipozaliwa Kaoneka mwana wa Hoza, mjukuu wa Shemndolwa aliyefukuza nguruwe mwitu kwa kukohoa. Alikuwa mrefu kiasi kwamba akiingia nyumbani mwake magoti yalitangulia, na kichwa kikafuata baada ya kitambo. Mguu wake haukupata kiatu katika soko lolote, na alipoita mbuzi wake, waliitika mbuzi wa vijiji vitatu.

Huyo ndiye aliyekusanya vijana kumi waliokuwa wavivu wa kulima, akawasimamisha mbele ya wazazi wao, akatamka, "Kuanzia leo nyinyi ni Radi." Wakaitikia kwa kishindo, ingawa wawili kati yao walidhani wameitwa kugawiwa mbegu za viazi.

Lakini Kwemvuma hapakuwa na mahali pa kuweka hata chungu kikatulia. Uwanja wa Radi uliinama kama paa la nyumba. Mpira uliotoka nje upande wa chini haukusimama ila Mtindii, kijiji cha bondeni, na watu wa Mtindii waliuokota wakauweka, wakisema kwamba kitu kilichoshuka chenyewe hakina mwenyewe. Katika miaka miwili mipira kumi na minne ilishuka hivyo, na Radi wakabaki wakipiga bumba la majani makavu ya mgomba.

Kaoneka akashuka kuidai. Alipokewa na Mbaruku, nahodha wa Mtindii, mtu wa maneno machache na masharubu mengi, naye akasema, "Tufungeni, mchukue mipira yote. Tukiwafunga sisi, jina la Radi life, na kila Ijumaa mje kutushangilia."

"Nimekubali," akasema Kaoneka. "Tutachezea kwetu, na sheria ni moja tu: atakayeutoa mpira nje ndiye atakayeufuata."

Mbaruku hakuona ubaya katika sheria hiyo.

Nyumbani, mkewe Zaituni alimtazama kwa huruma. "Baba Kaniki, umekubali vita na jeshi lako halijui kushoto wala kulia."

"Mama Kaniki," akajibu, "chini wanakujua vizuri."

Siku ilipofika, Mtindii walichagua kushambulia kuelekea bondeni, na nani asingechagua hivyo? Walifunga mabao matano. Kaoneka, nguzo ya lango, aliokoa mengi kwa kifua na mengine kwa kidevu, lakini mawili yalipita katikati ya miguu yake, ambapo hata ng'ombe angepita bila kuinamisha pembe. Hata hivyo, kwa kila bao moja walikosa mara tatu. Na kila aliyekosa alilazimika kuteremka mpaka kijijini kwao, akapita mbele ya jiko la mama yake, kisha akapanda tena na mpira kwapani. Mmoja alishuka asirudi, kwa kuwa alikuta chakula kimeiva. Mwamuzi, Mwalimu Paskali, alikaa chini akitafuna muwa mpaka mpira urejee. Basi kipindi cha kwanza, kilichoanza asubuhi umande ungalipo, kikaisha alasiri.

Walipobadilishana magoli, Mtindii walikuwa wamelala kwenye nyasi kama nguo zilizoanikwa. Kaoneka akawaamuru Radi, "Msipige. Sukumeni tu, mlima utamaliza." Wakasukuma kwa vidole vya miguu, na mabao yakawa matano kwa matano. Hapo Kaoneka mwenyewe akaliacha lango, akateremka na mpira kama fahali aliyekata kamba, na asiweze kusimama akaingia golini pamoja na mpira, kipa wao, na milingoti yote ya mianzi. Mwalimu Paskali akafikiri, akahesabu bao moja.

Mbaruku hakuweza kuinuka. Kaoneka akambeba mgongoni kumshusha kwao, na njiani Mbaruku akamwambia sikioni, taratibu, "Mmeshinda, ndugu yangu. Ila hamkutufunga nyinyi. Mlima ndio uliotufunga."

Kaoneka akamtua mlangoni kwake. Alirudi na mipira kumi na minne, akakuta kijiji kinacheza ngoma, akaketi mbele ya sinia la wali asitie mkono.

"Umeshinda, na umenuna kama uliyefiwa," akasema Zaituni.

"Nataka kujua kama tunaujua mpira," akasema, na kulipokucha akachukua jembe.

Miaka saba alichimba juu na kujaza chini, akajenga kingo za mawe kwa mikono yake. Mwanzo watu walisema amerogwa, kisha wakaona haya wakamfuata. Mbaruku naye akapanda na watu wake kusaidia, maana udongo ulikuwa ukifukia maharage yao. Siku ya mwisho Kaoneka, kichwa kimeshakuwa cheupe, aliuweka mpira katikati ya uwanja na kuuachia. Haukwenda popote. Akautazama mpaka machozi yakamlengalenga.

Mtindii wakaalikwa. Radi, waliokulia kwenye mteremko, walikimbia upande upande kama kaa, na Kaoneka golini akafungwa saba bila. La saba lilipoingia alikuwa akicheka. Filimbi ilipolia alimpa Mbaruku mkono, akasema, "Sasa tunajua," akaketi akiegemea mlingoti. Walipokwenda kumwinua, roho ilikuwa imekwisha kutoka.

Tulimzika nyuma ya lango hilo, na Mtindii ndio waliochimba kaburi. Tangu siku ile, Radi hawajawafunga Mtindii katika uwanja huu, si mababa zetu, si sisi. Kila mwaka hutokea mjanja mmoja mkutanoni akapendekeza tuurudishe mlima, na kila mwaka tunamzomea mpaka aketi. Kisha tunavaa jezi zetu, tunatoka kwenda kufungwa.